Rangi za maji za mwanafunzi wa maua: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kisanduku cha rangi 36 ndicho mzazi hukikimbilia, na ndicho ninachokiweka mkiani. Mwanafunzi anayeanza kuchora maua hapa Lamu anatosheka na rangi tatu nne zinazochanganyika vizuri bila kugeuka tope.

Chukua boganvilia zinazoning'inia kwenye kuta za Shela. (Zile tunazoziita petali ni majani, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati.) Mtoto huchanganya nyekundu na buluu za kisanduku cha shule akitafuta ile zambarau ya waridi, akapata kahawia. Si kosa lake. Nyekundu ile ina umanjano ndani yake, na umanjano ukikutana na zambarau, rangi hufa. Hapo hakuna ufundi utakaomwokoa.

Kwa hiyo, kwanza kabisa: tyubu za daraja la wanafunzi, zinunuliwe moja moja. Cotman za Winsor & Newton zinafaa. Soma namba ya rangi iliyoandikwa kwenye tyubu (herufi na tarakimu zinazotaja kiini cha rangi chenyewe), usitegemee jina. Waridi iwe PV19, buluu iwe PB29, halafu manjano ya ndimu. Ya nne, ukijaliwa, ni buluu ya PB15, ambayo ikichanganywa na manjano hutoa kijani kibichi cha jani changa. Kibao cha kuchanganyia usinunue. Sahani nyeupe ya jikoni yatosha.

Pili, kisanduku cha vidonge 12 cha daraja hilohilo. Kinabebeka, hata ukimpeleka mwanafunzi kuchorea bustanini. Ila utalipia rangi ambazo hatazigusa, na kwa unyevu wetu vidonge huota ukungu kikifungwa vikiwa vimelowa. Akimaliza, akiache wazi mpaka vikauke.

Tatu, tyubu za daraja la wasanii. Ni nzuri kweli, lakini anayejifunza huziogopa: anakamua tone, analinyoosha kwa maji mengi, ua linatoka limepauka. Ngoja mkono ukomae.

Mwisho, kile kisanduku kikubwa cha shule. Kimejaa chaki na hakina namba yoyote. Mpe mdogo wake wa chekechea.

Sasa karatasi, na hapa usibane mkono. Nikiambiwa nichague kati ya rangi nzuri na karatasi nzuri, nachagua karatasi. Asumini haichorwi kwa rangi nyeupe: unapaka kivuli na majani pembeni, weupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa. Manila ikilowa hujikunja na kuchubuka, na ule weupe umekwenda. Tafuta ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ya massa ya mti ni ya mazoezi. Ya pamba asilimia mia, kama Arches ya Ufaransa, iwekwe kwa kazi ya kutundika. Usiirundike karibu na ukuta wa mawe ya matumbawe. Unyevu huharibu ile gundi inayozuia maji yasizame, kisha rangi hunywewa kwa madoadoa ambayo hayafutiki. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki.

Brashi moja ya duara, namba 8, nyuzi za sanisi. Ilowekwe na kukung'utwa: isipochongoka ncha, irudishe. Maji ya kisima chenye chumvi yaache. Ya mvua ni bora.

Maduka ya Langoni yana vifaa vya shule, lakini tyubu hizi utaziagiza Mombasa au Nairobi, mzigo ushukie Mokowe, gatini upande wa bara, uvushwe kwa boti. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akupigie picha ya namba kwenye tyubu. Akikuletea Opera Rose badala ya PV19, kataa. Inang'ara kupita kiasi na mtoto ataipenda, lakini mwanga huila upesi.