Ndege nyepesi ya nchi kavu na majini: ipi ya kununua ukiwa Dar

Marubani wakiizungumzia ICON A5, ndege ya viti viwili inayotua nchi kavu na majini, husifia mambo yaleyale: dashibodi kama ya gari, kipimo kinachoonya kabla bawa halijapoteza nguvu ya kuinua, mabawa yanayokunjwa, parashuti ya ndege nzima. Kisha hulalamikia jambo lilelile: uzito. Kwa mnunuzi wa Dar lipo la tatu ambalo wanaorukia maziwa ya maji baridi hawalisemi sana, nalo ni chumvi. Ndiyo maana orodha hii inatanguliza chumvi, halafu mzigo, halafu mafuta. Sura ya ndege haimo.

Ya kwanza: Super Petrel LS

Inatoka Brazil. Ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, na injini imekaa katikati yake. Hilo si pambo. Kwenye ndege za aina hii injini hukaa juu ikisukuma kutoka nyuma. Ukiongeza moto (nguvu ya injini) ghafla pua inainama, ukipunguza inapanda, kinyume cha mkono uliozoea ndege za kawaida. Injini ikiwa chini kidogo, tabia hiyo inapungua. Mwili ni wa nyuzi za kaboni na kevlar, kwa hiyo kutu haina pa kuanzia isipokuwa kwenye boliti, bawaba, breki na kebo. Mabawa mafupi nayo yanasaidia kwenye banda la kupanga. Ubaya wake ni vipuri vya mwili, vyote vinatoka mbali. Agiza mapema raba, bearing za magurudumu na seti ya breki.

Ya pili: SeaRey

Imekuwepo tangu miaka ya 1990, na mamia zinaruka. Bawa ni mabomba ya alumini yaliyovikwa kitambaa, kitu ambacho fundi mwangalifu anakielewa kwa macho. Tatizo ni ndani ya hayo mabomba: maji chumvi yakiingia kwenye tundu la riveti hayatoki, na alumini inaliwa kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa safi. Nyingi sokoni zimeunganishwa na wenyewe kutoka vifurushi vya vipande, hivyo hakuna mbili zinazolingana uzito. Ipimwe kwa mizani mbele yako. Karatasi ya muuzaji isikutoshe. Gurudumu dogo liko mkiani, na upepo wa kusi ukipiga kwa ubavu rubani asiyezoea atazungushwa uwanjani.

Ya tatu: ICON A5

Hapa ndipo hesabu inapouma. Mwaka 2013 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliiruhusu kuvuka kikomo cha uzito wa jumla wa kilo 650 cha ndege nyepesi za majini, na bado mzigo inaobeba ni takribani kilo 195. Tangi la lita 75 likijaa linakula kilo 54. Zinabaki 141: watu wawili wa kilo 70, bila begi, bila nanga, bila jaketi za kuokolea. Watu wawili wa kilo 85 lazima washushe petroli hadi lita 34 hivi. Injini ya Rotax ikinywa lita 18 hadi 20 kwa saa, ukitoa akiba ya nusu saa unabaki na kama saa moja na robo. Dar hadi Unguja ni kilomita sabini na ushee kwenda tu. Ukikumbana na kusi, safari ya kwenda na kurudi bila kujaza mafuta inabana mno.

Bei nayo: mwaka 2017 ilitangazwa kwa dola 389,000 ikiwa na vifaa vyote. Kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi Aprili 2024, mali zake zikauzwa. Kwa hiyo usilipe amana kwa mtengenezaji yeyote bila fedha kukaa kwa mtu wa tatu. Sheria mpya ya Marekani ya Julai 2025 imeondoa kikomo cha uzito cha zamani. Kama kilio chako ni mzigo, kusubiri ndege zijazo si upuuzi.

Seamax M-22, pia ya Brazil, ni nyepesi na nzuri, ila kiwanda ni kidogo. Iweke ya nne.

Yanayoharibu ndege zote hizi hapa kwetu

Kila ukitoka baharini, suuza kwa maji baridi siku hiyohiyo: ndani ya mwili, mashimo ya magurudumu, breki, bawaba. Ndoo mbili hazitoshi, weka simtank na pampu. Fungua vizibo vya chini maji yatoke, kisha vining'inize kwenye usukani ili usisahau kuvirudisha. Ndege iliyoingia majini bila vizibo inajaa taratibu na haitapaa.

Injini ya Rotax 912 ULS yenye kabureta inataka petroli ya RON 95, na raba zake zote hubadilishwa kila miaka 5. Kwa Dar ni rahisi kuitunza kuliko 912 iS, inayotegemea umeme na kompyuta. Ndege ikiegeshwa juani injini ikiwa ya moto, petroli hugeuka mvuke kwenye mirija; iache injini izunguke kidogo na ujaribu nguvu kamili kabla ya kupaa.

Ajali inayojulikana zaidi ya ndege hizi ni kutua majini magurudumu yakiwa chini. Yanashika maji, ndege inapinduka. Kila mara tamka kwa sauti, mkono ukiwa kwenye wenzo: "Natua majini, magurudumu juu." Kisha yatazame.

Bahari yenyewe: wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hivyo ufukwe uliotulia asubuhi unaweza kuwa matumbawe mchana. Bongoyo na Mbudya ni hifadhi, omba ruhusa kwanza. Nyavu za ngalawa hazionekani kutoka juu.

Kabla ya kutuma fedha, pata jibu la TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa maandishi, kwa sababu cheti maalumu cha LSA (ndege nyepesi za michezo) cha Marekani si kile cha kawaida kinachotambulika kimataifa. Halafu chukua tochi, toa vizibo, ingiza kidole kwenye tundu la chini kabisa. Kikitoka na unga mweupe, hiyo ni alumini inayoliwa. Punguza bei au ondoka.