Pevingi za kifusi: nimezitumia mwaka mzima, maoni yangu haya hapa

Wadau habari zenu. Hizi pevingi zangu, yaani vitofali vya zege vya kutandaza uwanjani, zimeshapigwa na vuli, zimepigwa na masika, magari yamepita juu yake mwaka mzima, sasa ndio nina cha kusema maana wengi mmeniuliza kama kweli kitu kilichotengenezwa na kifusi kinasimama au ni kuliwa hela tu. Kinasimama, ila kuna masharti.

Nilikuwa na uwanja wa mita za mraba 70 hapa Madale, Dar es Salaam, kiangazi vumbi, masika tope. Pevingi za sentimita 20 kwa 10 zinaingia 50 kwenye mita moja ya mraba, yaani nilihitaji 3,500, na kwa bei za kawaida nilikuwa naumia. Shemeji yangu akanipeleka kwenye kiwanda kimoja kidogo cha tofali, jina naliacha kwa sababu nina malalamiko nao na nimeshawaambia wenyewe uso kwa uso. Nikakuta nje rundo la kifusi kama mlima, zege la jamvi lililovunjwa, plasta, vipande vya tofali, marumaru za chooni, kwa kweli moyo ukasita.

Kilichonifanya nisigeuze ni mzee mmoja anayesimamia ufyatuaji. Nikampa shikamoo, nikamuuliza, mzee huu uchafu ndio mnatuuzia? Hakukasirika, akanipeleka wanapochambulia, kinamama na vijana wamekaa chini wanatoa mbao, misumari, nailoni, na kuliko vyote wanatoa jipsamu. Akaokota kipande cheupe cha dari akakivunja kwa vidole, akasema "mwanangu, hiki ndio kinaua tofali, ukikisahau humo ndani kinagombana na saruji, kinavimba, tofali linapasuka lenyewe hata hujaligusa." Na ni kweli, jipsamu ni salfeti na salfeti ikizidi kwenye zege inalivimbisha kutoka ndani, sasa nyumba zetu za siku hizi dari nyingi ni jipsamu, kwa hiyo ukikutana na muuzaji anayesaga kifusi bila kuchambua mkimbie.

Kikishachambuliwa kinasagwa kwenye mashine ya kokoto, kinapita kwenye chekeche, halafu kinalowekwa usiku kucha. Hapo kwenye kuloweka ndio nilipoelewa kwa nini mafundi wengi wanakitukana kifusi. Kokoto ya mwamba inanyonya maji asilimia 1 au 2 hivi ya uzito wake, ya kifusi inafika 5 hata zaidi, maana ile saruji ya zamani bado imeganda juu yake na imejaa vitundu. Ukiichanganya kavu inakunywa maji yaliyokuwa ya saruji, mchanganyiko unakuwa mgumu, fundi anaongeza maji kwa macho tu, maji yakizidi nguvu imekwenda. Wao asubuhi wanaitoa ina unyevu ila haichuruziki, ndio wanapima saruji.

Na saruji yenyewe wanaipunguza, sehemu yake wanaweka majivu ya pumba za mpunga kutoka Morogoro. Sio majivu yoyote jamani. Pumba zikiungua kwa moto wa wastani, chini ya nyuzi 700 hivi, silika yake, yaani madini kama yale ya mchanga, inabaki ya aina inayoshikana na chokaa inayotoka kwenye saruji ikishaloa, gundi inaongezeka, lakini zikiungua kwa moto mkali mno hiyo silika inageuka mchanga tu. Mzee alinionyesha magunia mawili, moja majivu ya kijivu anayoyapokea, jingine meusi anayoyarudisha kwa sababu yamejaa mkaa. Mimi hili la kupunguza saruji linanigusa kuliko hata bei, maana saruji inachomwa nyuzi kama 1,450 na lile jiwe la chokaa lenyewe likiungua linatoa kaboni dayoksaidi, hewa inayoongeza joto la dunia, mbali na ile ya moto, ndio maana saruji peke yake inabeba kama asilimia 7 mpaka 8 ya kaboni dayoksaidi yote inayotolewa na binadamu, na wanaoiagiza ni sisi tunaojenga. Na kifusi nacho, wanaokumbuka bomoabomoa ya Kimara 2017 wakati wa kupanua barabara ya Morogoro wanajua kinavyojaa, kingi kinaishia kumwagwa korongoni, mvua ikija kinasombwa mpaka kwenye mtaro wa jirani.

Sasa malalamiko. Mzigo wa kwanza, pevingi 1,000, walinipakilia siku ya kumi tu tangu wafyatue. Mzee alikuwa amesafiri, ofisini wakataka kunifurahisha. Zege lenye majivu mara nyingi linakomaa taratibu, linataka kumwagiliwa muda mrefu zaidi, zikafika kona zimemomonyoka, nikahesabu mbovu 83. Walinirudishia 50, hizo 33 hasara yangu. Liliniuma sana kwa sababu kifusi hakikuwa na kosa hapo, haraka ndio ilikuwa kosa. La pili hawakuniuliza kama gari litapita, wakaniuzia zote za unene wa sentimita 6, wakati za kupita gari zito zinatakiwa 8, matokeo yake pale getini boza la maji linaposimama zimepasuka tisa. La tatu hawana karatasi ya maabara ya nguvu ya tofali zao, nimewasihi wapeleke, kazi nzuri hivi isiende bila kipimo.

Mzigo wa pili na wa tatu ulikaa siku 28 kamili, muda wa kawaida wa zege kukomaa, na huo sina neno nao. Ukigonganisha mbili zinalia kama sahani. Moja niliiweka juu ya jiwe nikaipiga nyundo makusudi, pigo la tatu ndio ikakatika, na ndani yake nimeipiga picha mara nyingi kuliko uwanja wenyewe: kuna kipande cha marumaru ya bluu ukubwa wa ukucha, chembe nyekundu za tofali la kuchoma, na kokoto ya zamani bado imevaa saruji yake ya kwanza, halafu ufa umepita katikati ya kokoto, haukuizunguka. Maana yake zege jipya limeishika kweli. Juu zinakwaruza kidogo, mvua ikinyesha mama yangu anatembea haogopi kuteleza. Rangi haifanani, zingine zimepauka, mimi sijali ila anayetaka uwanja wa rangi moja asije akanilaumu.

Bei nilipata nafuu kama robo hivi ukilinganisha na nilizoulizia kwingine, usafiri juu yako.

Ila kwa nguzo, lenta na slabu mimi siwezi kushauri kwa kiwanda cha namna hii. Baadhi ya nyumba za zamani za pwani zilijengwa kwa mchanga wa baharini, kifusi chake kina chumvi, na chumvi ikikutana na nondo ni kutu. Sio kwamba haiwezekani, Zurich kule Uswisi wamejenga mpaka shule kwa zege la kifusi tangu miaka ya 2000, lakini wao wanafuata viwango na vipimo. Na msizichanganye hizi na zile za plastiki za Gjenge Makers wa Nairobi, zile hazina saruji kabisa, plastiki inayeyushwa pamoja na mchanga inagandamizwa.

Kwa ujumla nawapa 7 kati ya 10, na nimerudi kwao. Nimelipia nusu ya tofali za inchi 6 za ukuta wa fensi. Mzee ameandika tarehe ya kufyatua kwa chaki juu ya rundo langu, nimekubaliana naye gari lisipakiwe mpaka siku 28 zitimie, na kila nikipita jioni nakuta magunia yaliyozifunika yameloa.