Nilivyopima kafeini kwenye mate

Kwa miezi mitatu usingizi ulinihama. Nalala saa nne, ikifika saa saba usiku nimekodoa macho na moyo unadunda. Kahawa nakunywa vikombe viwili tu, alasiri, kwa hiyo daktari aliponishauri nipime kafeini niliona kama anapoteza muda. Hata hivyo niliagiza kifurushi cha kupimia nyumbani: unatema mate kwenye kichupa, unakituma maabara, unasubiri majibu.

Majibu ya kwanza yalinitia hofu kweli. Miligramu 38 kwa lita! Vikombe viwili havimfikishi mtu mzima huko. Baadaye ndipo nilipoelewa: nilitema mate dakika chache baada ya kunywa, bila kusukutua, na kilichopimwa ni mabaki ya kahawa mdomoni. Karatasi ya maelekezo haikusema neno kuhusu kusukutua wala kusubiri. Hilo linaniudhi mpaka leo, maana mwenye presha angeweza kudhurika kwa woga tu.

Nilipolalamika walinitumia vichupa viwili vingine. Safari hii nilikunywa vikombe vyangu saa tisa alasiri, nikasukutua, nikatema saa kumi, kisha tena saa nne usiku. Cha kwanza kilitoa 3.2, cha pili 1.9. Piga hesabu: mwili wangu unachukua kama saa 8 kupunguza kafeini kwa nusu, wakati kwa watu wazima wengi ni kama saa 5. Kumbe naingia kitandani na zaidi ya nusu ya kahawa ya alasiri bado iko mwilini.

Chanzo alikitaja daktari, si maabara. Natumia vidonge vya uzazi wa mpango, na vidonge hivyo hulegeza kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini. Sigara hufanya kinyume, huharakisha. Fomu yao iliuliza umri na uzito, basi. Bila kuuliza kuhusu vidonge na sigara, namba wanazotoa ni nusu ya habari.

Kwa upimaji wenyewe nawapa heko. Hawakutoa kafeini peke yake, walipima pia, kila moja peke yake, paraksanthini, theobromini na theofilini, yaani kemikali ambazo kafeini hugeuka kuwa ikivunjwa na ini. Hii si kazi ndogo: hizo tatu zina uzito uleule wa molekuli, hivyo mashine inayopima uzito tu haizitofautishi, lazima zitenganishwe kwanza. Na paraksanthini ndiyo inayoeleza ini linafanya nini, kwa kuwa takribani asilimia 80 ya kafeini hugeuzwa kuwa hiyo. Anayetumia theofilini kwa ajili ya pumu asikubali kipimo kisichozitenga.

Wengine wataniuliza kwa nini si mkojo. Wanamichezo walipimwa hivyo, kikomo kikiwa mikrogramu 12 kwa mililita, hadi kafeini ilipotolewa kwenye orodha ya marufuku mwaka 2004. Lakini chini ya asilimia 3 ya kafeini ndiyo hutoka kwenye mkojo bila kubadilika. Mate hufuatana na damu kwa karibu zaidi, na hakuna sindano.

Ukiagiza, chukua vichupa viwili kwa siku moja. Kimoja hakikwambii kitu. Mimi sasa nakunywa kahawa asubuhi tu, na mwezi ujao, nikishaacha vidonge, nitapima tena nione kama zile saa 8 zitapungua.