Dalali aliyeniuliza kama natafuta chumba au mume: uzoefu wangu Kimara

Jina lake silitaji, na namba yake simpi mtu, ingawa kwenye simu yangu bado ipo. Nimeisevu "Dalali Usipokee".

Nianze na hela, maana ndiyo iliyonitoa Sinza, hapahapa Dar es Salaam. Mwenye nyumba wangu wa zamani alinipigia usiku, akaniulizia mpaka hali ya mama yangu kijijini, nikajua hapo kodi inapanda. Kutoka 180,000 kwenda 250,000. Chumba kilekile, choo kilekile ambacho ukivuta maji jirani wa tatu anajua umeamka. Miezi sita kwa mkupuo ni milioni moja na nusu. Nikasema basi, nafuata mwendokasi. Tangu mabasi yale yaanze 2016, ofisini kwetu Posta wimbo ni mmoja: Kimara, Kimara, utaamka saa kumi na moja lakini utakula.

Dalali nilimwona kwenye nguzo ya umeme. Kibao, rangi nyekundu, "CHUMBA MASTA", namba. Kijiwe chao kiko chini ya mwembe, benchi moja na mwamvuli uliochanika. Hujakaa vizuri unatoa 10,000 ya kuonyeshwa, na upate chumba usipate hairudi. Halafu yeye anapanda boda yake, wewe unapanda ya kwako, na zote mbili unalipa wewe. Njia nzima anageuka nyuma kunipigia kelele: "Njia nane dada! Kimara mpaka Kibaha njia nane! Mwakani hapa hupapati kwa bei hii!" Kweli barabara ya Morogoro imepanuliwa. Sasa mimi gari sina, hizo njia nane nizifanyie nini?

Chumba cha kwanza kilikuwa na mtu, tena anaanika nguo. Cha pili kimeegemeana ukuta na baa. Cha tatu ndicho hiki nilichomo.

Mama mwenye nyumba alikuwa kibarazani anachambua mchicha, wapangaji wawili wamekaa pembeni yake. Nikaamkia, nikaingia, nikatoka, nikauliza. Maji yanatoka siku ngapi? Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kila mtu na yake? Na kodi ya jengo je? Hilo la mwisho sikuuliza kwa uchokozi. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye luku, ilianza 1,000 kwa mwezi ikaja 1,500. Jengo ni la mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni aliyenunua umeme.

Dalali akavua kofia, akajipepea.

"Dada, wewe unatafuta chumba au unatafuta mume? Maswali yote haya ya nini?"

Wapangaji wakacheka. Mama mwenye nyumba naye akacheka, ila yeye aliinamia mchicha wake. Na mimi, niliyetoa 10,000 na boda mbili, nikacheka pia! Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Jibu lilinijia siku ya tatu yake, nimebanwa mlangoni kwenye basi pale Ubungo: mume halipiwi miezi sita mbele. Wa kumwambia hayupo. Aliyekuwa karibu yangu ni mzee mmoja amekumbatia kuku kwenye kapu.

Nililipa. 120,000 mara sita ni 720,000, na mwezi mmoja wa dalali juu yake, jumla 840,000 kabla sijanunua hata ndoo. Hiyo 120,000 ya dalali ni ya kazi gani? Ya kunisema mbele za watu. Mjomba wangu hupenda kukumbusha kwamba zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango, ikafutwa 2005. Mimi 2005 nilikuwa darasa la tatu, sikuionja.

Maji, ambayo dalali alisema yapo "muda wote", yanatoka siku mbili kwa wiki, usiku. Luku ni mita moja vyumba vinne, na jirani yangu anauza barafu. Jokofu lake linanguruma usiku kucha kama basi la mkoani, na tunachangia sawa kwa sawa. Zamu yangu ya kununua umeme imeangukia mwanzo wa mwezi, kodi ya jengo inapokatwa. Nilipomweleza mama mwenye nyumba akaniambia taratibu, "Mwanangu, hiyo si ya serikali?" Ningemjibu nini.

Kwa hiyo huduma ya huyu dalali ni sifuri. Ila nisiwe muongo. Kitanda changu kiko chini ya dirisha linalotazama bondeni, na upepo unaoingia saa moja jioni Sinza sikuwahi kuupata. Nalala bila feni. Yule mama wa barafu, niliyemsengenya hapo juu, nikichelewa kurudi siku ya maji nakuta ndoo zangu mbili zimejaa mlangoni, zimefunikwa na sinia. Sijamwomba. Na ile 130,000 iliyobaki kila mwezi imenimalizia deni la kikoba. Basi tuseme nyota mbili. Moja ni ya upepo, na upepo si wa dalali.

Nilikuwa nimeishia hapo. Jumapili hii iliyopita, nimejifunga khanga, nywele nusu zimesukwa nusu hazijasukwa, mlango unagongwa. Ni yeye, ana kijana na mkewe. "Samahani dada, tunaangalia dirisha tu." Dirisha langu! Mkataba wangu umebakiza wiki tano! Baadaye ndiyo nikasikia alishamnong'oneza mama kwamba chumba hiki sasa kinaingia 150,000. Rudini kwenye sifuri. Ondoeni na ya upepo.

Nikasimama mlangoni nimekunja mikono, sipishi. Yule binti akachungulia juu ya bega langu, akauliza kwa sauti ndogo, "Na maji je?"

Dalali akafungua mdomo. "Dada, wewe unata..." Akanitazama. Nami nikamtazama.

"Yanatoka Jumatano na Jumamosi," akasema. "Usiku."

Binti akanigeukia mimi kuhakikisha. Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikawapeleka nyuma ya nyumba nikawaonyeshe mita.