Mizinga yenye mlango mwembamba: tathmini baada ya kiangazi kimoja Chamwino

Mwezi Juni mwaka jana nilinunua mizinga miwili ya nyuki ya viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao ambavyo nyuki huning'iniza masega yao, kutoka karakana moja ya useremala mjini Dodoma, na baada ya kiangazi kizima katika manzuki yangu, yaani mahali pa kufugia nyuki, ya Chamwino ninaona kwamba sifa yake kubwa ni ile ambayo fundi hakuitaja kabisa wakati wa kuuza, yaani mlango. Badala ya tundu pana lililozoeleka, amechonga mwanya mlalo wenye kimo cha milimita 8, ambao nyuki hupita bila shida, lakini nyigu mkubwa hulazimika kujibana, na hapo walinzi humkuta.

Thamani yake niliiona Septemba, maua yalipoadimika na nyigu wakaanza kuelea mbele ya mizinga wakinyakua nyuki waliorudi na chavua. Katika mzinga wangu wa zamani, nyigu waliingia hadi kwenye masega na kundi likadhoofika mno. Katika mizinga mipya, walinzi walijipanga mlangoni, na nyigu aliyethubutu kutua alifunikwa mara moja na nyuki wengi.

Nyuki wa Japani, Apis cerana japonica, wameifikisha mbinu hiyo mbali zaidi: mamia yao humzingira mavu, aina ya nyigu mkubwa, kwa donge, wakitetemesha misuli ya mabawa hadi joto lifike takriban nyuzi 46 za Selsiasi, ambalo humuua mavu huku wao wakilistahimili. Wale wa Saiprasi humbana mavu tumbo hadi akose pumzi. Sidai kwamba nyuki wetu hufanya hayo. Hoja yangu ni kwamba ulinzi wa namna hiyo huhitaji adui afikike na wengi kwa pamoja, na mlango mwembamba ndio unaomleta mikononi mwao.

Nilihofia joto la ndani, lakini kwa kuwa mwanya una urefu wa sentimita 20, hewa ilitosha hata Oktoba.

Kasoro iko kwenye kifuniko. Mbao zilikuwa mbichi, zikapinda kwa jua, na upande wa nyuma ukafunguka upana wa kidole, hivyo sisimizi wakapata njia ambayo hakuna mlinzi aliyeiangalia. Nililazimika kuziba kwa nta na kupaka grisi kwenye waya za kuning'inizia. Kwa bidhaa ambayo ubora wake wote ni mlango mmoja unaolindika, uzembe huo ni mkubwa.

Mzinga wa tatu nimeuagiza kwa sharti kwamba mbao zikaushwe kabisa kabla ya kupigwa randa, na mlango ubaki ulivyo.