Uzoefu wangu na vinteji za Toi: soma lebo ya mbavuni, ya shingoni wachana nayo

Watu wananiuliza sana makoti ya vinteji (ya zamani) natoa wapi na najuaje ni ya miaka gani, sasa wacha niandike mara moja.

Mi hununua Toi, lile soko la mitumba Nairobi, ule upande wa makoti na blauzi, asubuhi wakati bale zinafunguliwa, juu ukifika saa nane kamera zote (nguo safi za daraja la juu) zishaenda imebaki fagia tu, yaani mabaki. Vaa top ya kubana ndo ujaribu makoti hapo hapo kwa njia.

Sasa, kila mtu akishika nguo anaangalia shingoni, akiona jina kubwa anatoa pesa. Lakini hiyo lebo ndo rahisi zaidi kutoa na kushonea nguo ingine, fundi yeyote anakufanyia ukingoja. Mi nageuza nguo ndani nje natafuta kale kakitambaa kadogo ka mbavuni kenye maagizo ya kufua, alafu naangalia kama kamebanwa ndani ya mshono wenyewe ama kamewekwa tu juu na uzi mwingine, maana hako huenda kalitoka nguo ingine.

Marekani walianza kulazimisha lebo ya kufua Julai 1972, so ukipata nguo ya huko imeandikwa namna ya kufua na mtu anakuambia ni ya miaka ya hamsini, shuku kwanza. Michoro ya kufua peke yake bila maneno waliruhusu 1997. Hiyo ni Marekani lakini, Ulaya michoro walikuwa nayo kitambo, usichanganye.

Yenye nilifurahia sana ni blauzi moja ya hariri, shingoni hakuna jina la maana, muuzaji alikuwa ameitupa kwa rundo la mia mbili, kumbe mbavuni iko na kalebo ka ILGWU, chama cha wafanyakazi wa kushona nguo za wanawake huko Marekani. Kalikuwa na zile rangi tatu, nyekundu nyeupe na buluu, na hiyo rangi tatu ilianza 1974, na chama chenyewe kiliunganishwa na kingine 1995 jina likaisha, kwa hivyo miaka yake unaijua bila kubishana na mtu. Ingine rahisi ni Made in West Germany, Ujerumani iliungana 1990, hapo hata huhitaji kufikiria.

Namba ya RN nayo, ile kampuni ya nguo hupewa na serikali ya Marekani, watu wanaiamini kupita kiasi. Kuna hesabu inazunguka mtandaoni ati unatoa, unagawanya, unapata mwaka wa nguo. Hapana. Hiyo inakukadiria kampuni ilipewa namba lini, na kampuni ya miaka ya sitini inaweza kuitumia hiyo namba mpaka leo. Ingia tovuti ya FTC, shirika la serikali ya Marekani linalotoa hizo namba, uweke namba, ni bure, ujue nani alitengeneza ama aliagiza, basi.

Mtandaoni nako manze... kuna peji moja (siitaji) ilikuwa inauza trenchi (koti refu la mvua) ya Burberry elfu kumi na mbili ati orijino ya miaka ya sabini. Lebo imeandikwa Burberry. Mpaka 1999 hao watu waliandika Burberrys, na s mwisho, so ata kama ni orijino si ya sabini. Nikaomba picha ya lebo ya mbavuni kwa upole kabisa, nikatumiwa ya shingoni tena, nikaomba tena, nikablokiwa. Sawa.

Kwa hivyo Toi naipa tano kwa tano, mtandaoni nanunua tu kwa mwenye anakubali kupiga picha ya ndani bila kununa.

Kitu kimoja tu, ukiwa Toi usisome lebo ukitabasamu. Muuzaji anakuangalia uso. Ukitabasamu utaskia "mrembo hiyo ni kamera tupu" na mia mbili imekuwa mia nane hapo hapo. Soma kama mtu anatafuta shimo, rudisha, shika ingine mbaya, uliza bei ya zote mbili.

Na hiyo blauzi siuzi, msiniandikie.