Nimelipia kozi ya magonjwa ya ndani ya mbwa na paka nikiwa Sakina, Arusha: uzoefu wangu

Nianze na jinsi nilivyokuwa natibu. Mbwa akiletwa kachoka, hali chakula, ana homa: OTC (antibiotiki), deksa (steroidi), multivitamini, na fizi zikiwa nyeupe, Berenil, dawa ya vijidudu vya kupe, juu yake. Sindano tatu nne, dakika kumi, mwenye mbwa anaondoka ameridhika. Wengi walipona. Ambao hawakurudi niliwahesabu kwamba nao wamepona. Mwenzangu wa kazi unayesoma hapa, najua hesabu hiyo unaijua.

Chuoni nilisoma ng'ombe kuliko kitu kingine, na sina ubishi na hilo, nchi hii ina ng'ombe. Lakini kliniki yangu iko Sakina, na simu zinazoingia zinatoka Njiro, Ilboru, mara mojamoja Usa River: mbwa wa ulinzi, vijibwa vyeupe vya sebuleni, paka wa wageni waliostaafu. Mwaka juzi nikaamua kutafuta kozi. Niliyoipata inatolewa mtandaoni na taasisi moja ya Ulaya, miezi 10, imegawanywa kwa viungo: figo, ini, moyo, damu, homoni, tumbo. Jina sitalitaja kwa sababu nina malalamiko nao, na bado wananiuzia vitu.

Bei yake ilikuwa pango la kliniki yangu la miezi mitano. Wanapokea kadi tu. Benki yangu ikayakataa malipo mara mbili, nikaenda tawini, nikajaza fomu, nikasubiri, na siku malipo yalipopita, punguzo la waliowahi lilikuwa limekwisha jana yake. Niliwaandikia. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, la heshima sana, na hapana yake ilikuwa ndani.

Vipindi vya moja kwa moja vilikuwa saa mbili usiku kwa saa za Uingereza. Kwetu ni saa tano usiku. Wao walipobadilisha saa zao mwishoni mwa mwezi wa tatu ikawa saa nne, na mimi nikajisikia kama nimepewa likizo. Vilivyorekodiwa nilivipakua kwa bando la usiku, maana ukiangalia video zao mchana kwa bando la kawaida utauza pikipiki. Umeme ulipokatika niliendelea kwenye simu. Jukwaa lao linafunguka vizuri kwenye simu, hilo nawapa.

Zoezi la wiki ya tatu ndilo lililonikamata. Wanakupa mgonjwa na historia yake, lakini majibu yote ya vipimo wameyafungia. Huruhusiwi kufungua hata kimoja mpaka uandike orodha ya matatizo ya mnyama, na chini ya kila tatizo sababu zinazoweza kulileta. Kisha kila kipimo unachoomba, mfumo unakuuliza: jibu likija juu utafanya nini, likija chini utafanya nini? Ukijibu kitu kilekile mara mbili, kipimo hicho hupewi. Mara ya kwanza nilinyimwa vipimo vinne kati ya sita. Nilikasirika, nikafunga kompyuta, nikaenda kulala. Kesho yake kliniki nikajikuta nimeshika kalamu kabla ya kushika bomba la sindano.

Sasa nieleze mbwa mmoja, maana ndiye aliyenirudishia hela.

Ni jike la German Shepherd, miaka minne, wa nyumba moja Njiro. Ndani ya miezi minane nilishamtibu mara tatu: anaacha kula, anatapika, anadhoofika. Kila mara nilimpa dripu, deksa na OTC, kila mara kesho yake alikuwa mzima anabweka getini. Kwenye daftari niliandika "kupe", yaani magonjwa ya kupe, mara zote tatu. Mara ya nne mlinzi alinipigia alfajiri. Nikafika kwa pikipiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, dokta. Mama kasafiri. Huyu kalala hivi tangu usiku wa manane, hata mkia hatikisi."

Fizi zilikuwa zimepauka na baridi, mapigo ya mguuni hayashikiki vizuri. Deksa nilikuwa nimeshaivuta kwenye bomba, kofia ya sindano nimeing'ata kwenye meno, nikaweka kipimo cha moyo kifuani. Nikahesabu mapigo 56 kwa dakika. Nikahesabu tena. Mbwa aliyeishiwa nguvu namna ile, damu haizunguki, moyo wake unapaswa kukimbia, 140, 160 na zaidi. Huu ulikuwa unatembea kama uko harusini. Na wiki mbili kabla, sehemu ya homoni, mhadhiri alikuwa amesema jambo moja tu nililolikariri: mbwa aliyezimia mwenye moyo wa polepole, fikiria potasiamu iliyozidi kwenye damu.

Nikairudisha deksa mfukoni. Nikatoa damu kwanza, halafu nikamfungulia dripu ya chumvi ya asilimia 0.9. Wakati inashuka nikamuuliza mzee swali ambalo miezi minane nilikuwa namuuliza mama kwa simu: hali hii humjia lini?

"Kila mama akisafiri, dokta. Au wageni wakijaa. Ile Krismasi pia, si unakumbuka?"

Nilikuwa sikumbuki. Yeye ndiye anayelala na mbwa yule, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Damu niliipeleka maabara ya binadamu mjini. Sodiamu ikaja 126, potasiamu 7.1. Mbwa mzima sodiamu yake huwa kwenye 140 na kitu, potasiamu haivuki sana 5.5. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili, jibu likiwa chini ya 27 unaanza kuushuku ugonjwa wa Addison, yaani tezi ndogo zinazokaa juu ya figo zimeacha kutoa homoni zake. Yeye alikuwa hata 18 hafiki. Kotisoli, moja ya homoni hizo, ikaja chini sana. Kipimo cha kuthibitisha kinataka sindano ya homoni ya ACTH, nami sikuipata popote, hivyo tuliendelea na ushahidi tuliokuwa nao.

Jioni ile nilikaa na daftari langu. Deksa ilikuwa inamfidia homoni inayomkosa, dripu inamrudishia sodiamu na kumpunguzia potasiamu. Mara tatu nilimpa dawa ya ugonjwa wake bila kuujua, nikaandika kupe, kisha nikamnyang'anya dawa hiyo nikaenda zangu. Sasa anatumia vidonge vya kufidia homoni hizo: fludrokotisoni ambayo mama anaagiza Nairobi, na prednisoloni kidogo kila siku. Mama akitaka kusafiri, mzee ananipigia siku mbili kabla tuongeze prednisoloni, kwa sababu msongo ndio unaomwangusha.

Kesi hiyo niliiandika kama ripoti ya kumalizia kozi. Msahihishaji akairudisha na swali: kwa nini hukufanya kipimo cha ACTH? Nikamjibu kwa aya mbili kwamba dawa ya kukifanyia sikuipata, nikaeleza nilichotumia badala yake. Akaipitisha, tena kwa alama nzuri. Lakini ile hali ya kujieleza kwa nini Arusha si Ulaya ilinifuata kozi nzima.

Ilinikera zaidi kwenye kupe. Erlikia na babesia, magonjwa ya kupe ambayo kwangu ndiyo mkate wa kila siku, waliyapa mhadhara mmoja, tena chini ya kichwa cha mbwa wanaorudi kutoka safari za nchi za joto. Nusu ya mhadhara wenyewe ilikuwa ugonjwa wa leishmania wa Mediterania. Nilipouliza namna ya kuifuatilia babesia kwa hadubini tu, jibu lilikuwa nitume sampuli maabara ya PCR, yaani ya kupima vinasaba. Nikashukuru.

Ajabu ni kwamba kazi ya kupe nilijifunza kwenye kozi hiyohiyo, ila sehemu ya damu, kwa mwalimu ambaye sidhani kama amewahi kumwona kupe wa kwetu. Alifundisha kusoma kioo cha damu kuanzia ukingoni, pale tone linapoishia kama unyoya, kisha kuhesabu chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Kwenye lenzi ya mafuta, mara 100, unahesabu sahani katika maeneo kumi, unatafuta wastani, unazidisha kwa 15,000. Ukikuta wastani wa mbili, mbwa ana kama 30,000 kwa mikrolita, na sasa unajua kwa nini puani kunatoka damu. Zamani nilikuwa natafuta vijidudu tu. Sahani nilizipita kama vumbi. Ya babesia niliongeza mwenyewe: tone nalitoa ukingo wa sikio badala ya mshipa mkubwa, kwa sababu chembe nyekundu zenye vijidudu hukwama kwenye mishipa midogo.

Kitu kingine kidogo ambacho kozi haikukifundisha ila ilinilazimisha: mizani. Mazoezi yote yanaanza na uzito, nami uzito nilikuwa nakisia. Sasa nina mizani ya bafuni. Mlinzi anapanda na mbwa mikononi, anapanda peke yake, natoa. Wa kwanza niliyemkisia kilo 25 alikuwa 18. Ukikumbuka kwamba diminazini, hiyo Berenil yetu, kwa mbwa ni miligramu 3.5 kwa kilo na kuizidisha kunaweza kumharibu ubongo, utaelewa kwa nini nilinyamaza kidogo. Doksisiklini nayo nilikuwa natoa ya siku saba. Ya erlikia ni siku 28, miligramu 10 kwa kilo kwa siku, na shida yake ni nani atakayempa mbwa kidonge siku 28. Mimi nawaelekeza walinzi waifiche kwenye tonge la ugali lenye dagaa.

Figo zimefundishwa vizuri, kwa jedwali la IRIS, kundi la kimataifa la wataalamu wa figo za wanyama, lenye hatua nne za kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo), na msisitizo wa kupima mkojo kabla ya kutoa hukumu. Moyo niliupita haraka, nakiri, kwa sababu mashine ya ultrasaundi sina, ingawa utafiti wa mwaka 2016 unaoonyesha dawa ya moyo pimobendani inasogeza mbele kushindwa kwa moyo kwa takribani miezi 15 umenisaidia kwa vijibwa viwili vya Njiro. Paka wamenyimwa haki. Wamefundisha paka wazee wenye ugonjwa wa tezi ya shingo, na paka wangu wengi hawauoni huo uzee.

Kama unafikiria kujiunga, usisome peke yako. Mimi nilisoma na rafiki yangu tuliyemaliza naye Morogoro, sasa ana kliniki Moshi. Kila Jumamosi ya pili tulikutana katikati, Boma Ng'ombe, madaktari wawili wa mbwa na paka, kwenye meza ya nyama choma, tunagombana juu ya enzaimu za ini. Bila yeye ningeacha mwezi wa nne, kwenye sehemu ya ini hiyohiyo, ambayo mpaka leo naona mhadhiri alikuwa anaisoma tu.

Na usiingie kwa ajili ya cheti. Kuna mwenzetu mmoja alinipongeza kwa kuwa "daktari bingwa". Hapana. Ubingwa wa magonjwa ya ndani, ule wa ACVIM ya Marekani au ECVIM ya Ulaya, ni miaka isiyopungua mitatu hospitalini chini ya mabingwa, baada ya mwaka wa mazoezi, kisha mitihani. Changu ni cheti cha kuhudhuria na kufaulu, nimekitundika nyuma ya mlango.

Kama hela hakuna, anza na vya bure. Jedwali la IRIS liko wazi mtandaoni. Miongozo ya ACVIM, ukiwemo wa mwaka 2019 wa matatizo ya vali ya moyo kwa mbwa, inachapishwa kwenye jarida lao la magonjwa ya ndani na unaisoma bila kulipa. WSAVA, chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo, nao wana miongozo yao bure. Karatasi nyingi nilizopewa kozini zilikuwa hizohizo zimepambwa. Nilicholipia mimi ni lile zoezi la kunyimwa vipimo, na mtu wa kunirudishia ripoti. Kwangu inatosha, ila ningelipa nusu ya bei ningeridhika zaidi.

Wiki iliyopita wameniandikia kwamba ruhusa yangu ya maktaba yao inakwisha, niongeze mwaka? Sitaongeza. Rafiki yangu amepata Moshi kipimo cha presha cha mtumba, kile cha kusikiliza mshipa wa mguu, nusu anatoa yeye nusu natoa mimi. Kitakaa wiki mbili kwake na wiki mbili kwangu, na makabidhiano yatakuwa Boma Ng'ombe.